Mshale wa Kwenda Paani

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu alikuwa akicheka peke yake jikoni. Nikaenda kuangalia. Kumbe alikuwa na kompyuta aliyotuachia binti yetu. Anacheza hadithi. Ndiyo — anaicheza! Unasoma aya moja, kisha unaulizwa: utafungua mlango au utashuka ngazi? Ukibofya, hadithi inafuata upande huo. Mchezaji ni mmoja tu. Ana kete mbili za kwenye skrini na alama kumi za uhai, basi.

Nikauliza imeandikwa na nani. Akajibu bila kuinua macho: Bwana Lifti.

Bwana Lifti! Jirani wa ghorofa ya nne, fundi wa lifti aliyestaafu, mgane. Mtu ambaye akizungumza hamalizi sentensi. Huyo ndiye mtunzi siku hizi.

Jumatano, 6 Machi

Kuna darasa. Kila Jumatano saa kumi alasiri, katika ukumbi wa chini wa jengo letu, Bwana Lifti anawafundisha wakazi programu ya kutungia visa hivyo. Mke wangu huhudhuria. Mimi nilidhani huenda kwa muuguzi kupima presha.

Leo nimeenda, kutazama tu. Programu yenyewe ni nadhifu, siwezi kukataa. Kila tukio unaliandika ndani ya kisanduku. Kutoka kisanduku kimoja hadi kingine unavuta mshale. Ukirudi nyuma kidogo unaiona ramani nzima. Tena inakumbuka: ufunguo uliouokota chini utakufungulia mlango wa juu.

Katika kisa cha Bwana Lifti, mchezaji yumo ndani ya jengo lisilo na watu, na lifti inakwenda inavyotaka yenyewe. Kila ghorofa ina njia zake.

"Mpaka sasa shemeji peke yake ndiye kafika paani!" ametangaza mbele ya watu wote.

Shemeji! Kwani mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja? Watu wakapiga makofi. Mke wangu akainamisha uso kama msichana.

Njiani nikamuuliza huko paani kuna nini. Akasema, nenda ukaone mwenyewe, Mwalimu. Ndoa ya miaka thelathini na minane, bado ananiita Mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimecheza asubuhi nzima. Nimekufa kila mara. Mara lifti imenidondosha, mara nimekosa hewa, mara nimeng'atwa na mbwa wa mlinzi — mbwa ghorofa ya saba!

Mke wangu alikuwa akikunja nguo. "Unachagua kama mtu anayeogopa kuchafua viatu," akasema.

Paa sikuliona.

Jumapili, 10 Machi

Nimetunga kisa changu. Lugha safi, hakuna sentensi inayoning'inia. Kijana anasafiri kutafuta elimu. Baada ya chakula cha mchana nikamwomba mke wangu akicheze.

Swali la kwanza: uvuke mto kwa daraja au kwa kuogelea? Akachagua kuogelea. Skrini ikamwambia: Umekosea. Rudi mwanzo. Akapita darajani, akataka kupumzika chini ya mti. Umekosea. Rudi mwanzo. Akataka kuzungumza na mwuza vitambaa. Umekosea.

Akafunga kompyuta taratibu. "Mwalimu, huu ni mtihani."

Nikamweleza kwamba njia sahihi ipo.

"Ipo moja," akasema, "nayo ni yako." Akaenda kuanua nguo.

Nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Jumanne, 12 Machi

Bwana Lifti amebisha hodi. Hakukaa, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mzee Mwalimu, nisaidie bwana. Kile kisa changu Kiswahili chake... yaani, we unajua. Kesho watu wanakicheza darasani. Kipitie. Ukiona takataka fyeka tu, wala usinionee haya."

Kisha, akimtazama mke wangu: "Shemeji, huyu bwana anakulisha kweli? Mbona umepungua?" Mke wangu akacheka. Amepungua? Sikuwa nimeona. Nimemtazama tangu alipoondoka jirani — ni kweli, amepungua.

Nimesahihisha mchana kutwa. Mwishowe nikafika kwenye kisanduku cha paani. Nilitarajia hazina, au maiti. Hakuna. Kuna fundi mzee kwenye kiti cha plastiki, anatazama taa za mji. Anamuuliza mchezaji: "Umechoka?" Majibu ni mawili, ndiyo na hapana. Nimeifuata mishale yote miwili. Yote inafika mahali pamoja: fundi anavuta kiti cha pili, anasema, "Kaa basi."

Hiyo tu! Hilo ndilo mke wangu alilopandia ghorofa zote hizo, mara ngapi sijui.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Hauna kosa hata moja. Kisha nimeufuta mshale wa kwenda paani. Kisanduku sikukigusa. Ni mshale tu. Aliniambia nifyeke.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu aliombwa awaonyeshe wenzake njia. Akapita vizuri: ufunguo wa chini, ghorofa ya tisa, ngazi ya chuma. Akasita.

"Paa limekwenda wapi?"

"Labda wamelipiga mnada," akasema kinyozi wa mtaani kwetu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Bwana Lifti akafungua ramani. Kisanduku cha paani kilikuwa kimezungushiwa rangi nyekundu. Programu hufanya hivyo kwa kila kisanduku ambacho hakifikiwi na mshale wowote. Sikulijua hilo.

"Aa, ni mimi huyo," akasema. "Haya mavidole yangu yamezoea spana." Akauvuta mshale upya, kazi ya kufumba na kufumbua. Ametania na kujilaumu, na kunishukuru mimi kwa masahihisho — mbele ya watu!

Mke wangu hakuitazama skrini. Alinitazama mimi.

Tulipanda ngazi, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka mlangoni kwetu.

Ijumaa, 15 Machi

Anaandika. Nikipita, anafunika kompyuta. Alasiri alipanda ghorofa ya nne "kuuliza jinsi ya kufanya kitu fulani". Sikuangalia saa. Niliangalia. Nilisimama pia kwenye ngazi, jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote kulifanya. Nilisikia kicheko, cha nani sikujua.

Chakula cha jioni: ameniwekea sahani yangu, akala yake mbele ya kompyuta.

Jumatano, 20 Machi

Saa tisa na nusu alasiri. Ameweka kompyuta mezani mbele yangu. "Cheza, Mwalimu. Nimemaliza mwanzo."

Nikauliza kama Bwana Lifti ameshakicheza.

"Hajacheza mtu."

Nimefurahi kupita kiasi. Furaha haikudumu. Kisanduku cha kwanza kinasema: Wewe ni mwalimu mstaafu. Umefuta mshale wa mtu. Mkeo anajua. Anajiandaa kwenda darasani.

Njia ni tatu. Sema programu ina hitilafu. Nenda naye ukamwombe radhi fundi mbele ya wote. Muulize mkeo kama amechoka.

Sikubofya. Nilifungua ramani kwanza, nione kila njia inafika wapi. Mishale mitatu, visanduku vitatu. Vyote vitupu. Hakuandika neno hata moja ndani yake.

Nikarudi kwenye kisanduku cha kwanza kutafuta kosa. Hata mkato tu uliowekwa vibaya. Hakuna.

Naandika haya badala ya kuchagua. Yuko koridoni. Kiatu kimoja ameshakivaa, nimesikia kisigino kikigonga sakafu. Sasa anafunga kamba za cha pili. Anazifunga polepole mno, si kawaida yake —