Laptopu Niliyoing'ang'ania

Zuhura, shoga yangu,

Kuhusu laptopu, wewe ndiwe uliyekuwa sahihi. Naanza na hilo kwa sababu ulipokuwa hai sikulikubali hata siku moja, na wewe wanijua nilivyo mbishi.

Ilizima wiki tatu baada ya ugonjwa wa seli mundu kukuchukua. Skrini ilipiga mistari ya kijani, kisha ikawa nyeusi, lakini feni ikawa inavuma tu ndani. Nikampelekea yule fundi mzee wa Bombolulu anayefanyia kazi barazani kwake. Kwa kiburi changu kile kile nikamwamrisha abadilishe kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, atie yenye nguvu zaidi. Akanitazama kwa huruma.

"Binti, ingekuwa kompyuta ya mezani ningeichomoa kadi nikatia nyingine, mradi umeme wake uitoshe na kasha liwe na nafasi. Hii yako imelehemiwa kwenye bodi. Ikifa, imekufa na bodi yake."

Maneno yako hayo hayo, siku ile tuliponunua. Nami nikakujibu kwamba siwezi kubeba meza kichwani kwenda nayo kwenye harusi za watu.

Lakini wajua kwa nini niliing'ang'ania. Tulirekodi upande wa wanawake, na kazi yetu yote ilisimama juu ya amana moja: picha zile hazionwi na mwanamume. Siku ya kupamba, bibi harusi anapoonyeshwa kwa wanawake, simu za wageni zinakusanywa mlangoni, kamera inabaki yetu peke yetu. Laptopu ningeweza kuifunga na kuisukuma chini ya kitanda changu. Kwa hiyo fundi aliposema diski bado nzima, na kwamba angeweza kunitolea vyote vilivyomo, nilimpokonya mashine mikononi. Nusu ya wanawake wa Kisauni wamo mle, vichwa wazi. Na wewe umo.

Mama yako hana video yako hata moja. Ana picha ya kitambulisho na zile za shule. Kila Ijumaa anakuja kwangu, anakaa mkekani, ananiuliza, "Mwanangu Mwanakombo, ushampata? Nataka nimuone yuatembea tu, basi." Kisha anaanza kujilaumu kwamba ni yeye aliyekuruhusu kutoka siku ile ya harusi ya mwisho, na laiti angalikuzuia. Nami namjibu kwamba mashine ni mbovu. Mwanzoni ilikuwa kweli.

Sasa si kweli tena. Nimenunua kompyuta ya mezani kuukuu, sanduku kubwa kama ulivyotaka. Fundi alinielekeza na bisibisi nikaishika mwenyewe: nikachomoa kadi ya zamani, nikasukuma nyingine mpaka ikasema ta, nikakaza skrubu. Hata chai haingekuwa imechemka. Nililia pale barazani kwa watu, na yeye, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta waya. Nyumbani nikafunga mlango, nikaifungua laptopu, nikaitoa diski kwa mikono yangu, nikaiunganisha na ile ya mezani.

Nilikupata, kwenye harusi ile ya mwisho. Kamera, ambayo siku zote ulikuwa ukiishika wewe, nimeishika mimi, wewe uko mbele, umejifunga leso kiunoni, ngoma ya chakacha imepamba moto. Unacheka. Halafu unasimama. Mkono wako uko mbavuni na unaniangalia, si kamera, mimi. Maumivu yalikuwa yameshaanza. Leo nayaona usoni mwako waziwazi, na siku ile, wallahi, sijui nilikuwa nikitazama nini. Nyuma ya kamera inasikika sauti yangu:

"Wacha deko, Zuhura. Cheza."

Ukacheza. Kesho yake hukuweza kuinuka. Keshokutwa yake tukakukosa.

Kwa kadi hii kazi ni nyepesi mno, Zuhura. Kuikata sauti yangu ni kubonyeza mara mbili, na nimeshafanya hivyo. Bila sauti yangu unaonekana umevuta pumzi kidogo tu, kisha ukaendelea kwa furaha yako. Mama yako angeamini. Angenishika mikono, angeniombea dua. Kwa siku nne nimekaa na video mbili, iliyokatwa na nzima, nikitazama hii na ile, na chakula kikinishinda.

Asubuhi ya leo nimeifuta iliyokatwa. Kesho ni Ijumaa. Nitamketisha mama yako mbele ya skrini, nitafungulia sauti mpaka mwisho, na sitatoka chumbani. Naogopa. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki ananiita mwanangu, na huenda kesho nikalisikia neno hilo kwake kwa mara ya mwisho.

Basi pumzika, shoga yangu, Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Akinifukuza, nitaondoka bila kumjibu. Lakini hatajilaumu tena yeye. Hilo nakuahidi.

Mwanakombo