Nguva niliyemtaja ndani ya mtumbwi

Mama yangu uliyelala makaburini Tungue,

Naandika mwenyewe, na unajua shule niliishia klasi ya tatu. Nivumilie.

Unakumbuka asubuhi ile baba aliponipandisha mtumbwini na baba mdogo Bakari? Nilikuwa na miaka saba. Nikaona kitu kinazama, nikasema, "Nguva." Baba mdogo akanichapa kofi la mdomo. Baharini kwetu mwanamke mwenye mkia wa samaki hatajwi jina, anaitwa mwenye nywele tu. Baba akacheka. Siku tatu mbele alikwenda peke yake, hakurudi. Nikakwambia mimi ndiye niliyemtaja. Ukaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka kitunguu. "Usimwambie mtu." Nikajua basi, na wewe unaamini nimemuua.

Toka hapo sikugusa bahari. Watu walisema mtoto wa mvuvi anaogopa maji, nikawaacha waseme.

Sasa naosha vyombo kwenye kambi ya wafanyakazi wa kigeni. Mtaliano mmoja amechorwa mkononi mwanamke yule yule, magamba na mkia. Wenzake wanamtania mezani. Mreno anasema sereia, mwenyewe anasema sirena, Mfaransa anakata mwisho, siren. Mholanzi ana lake refu, limenishinda. Hawa wote kazi yao kwenye boti. Nikawaangalia wiki nzima: wanatoka wanamtaja, jioni wote wapo, wanakula. Mwisho nikamuuliza Mreno, macho kwenye sahani, kama hata wakiwa baharini wanamtaja.

"Rapaz, kijana wangu, boti ya baba yangu iliitwa Sereia. Ilioza ufukweni kwa uzee."

Ijumaa nikaenda Quitunda kwa baba mdogo. Alikuwa anapalilia muhogo. Nikamwambia yote.

"Miaka yote hii?" Akaweka jembe. "Baba yako alikuwa anamtaja kila safari, makusudi, anitie hofu. Mtumbwi ulikuwa na ufa. Niliahidi kuziba, nikalala." Akakaa palepale kwenye udongo. "Mimi nilidhani unanikwepa kwa hilo."

Nikachukua jembe lake, nikamalizia mistari miwili. Aliponiangalia tena alikuwa anacheka na machozi. "Unapalilia kama kuku," akasema.

Mama, kifua changu kimekuwa chepesi mpaka naona ajabu. Kesho baba mdogo anakwenda kutega nyavu, mtu wake wa kasia anaumwa. Nimemwambia anipitie alfajiri.

Lala salama, mama.

Mwanao wa mwisho