Mjane wa Mwezi wa Machi

Valparaíso,
Jumapili, 9 Agosti

Kaka Nolberto mpendwa,

Shikamoo, na salamu zimfikie kila mmoja hapo Achao: wifi Irma, mama na goti lake, na Maite wangu. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imenikaa kifuani na mwenye nyumba bado anaapa kwamba madirisha yake hayapitishi upepo. Mikate ya viazi mliyonitumia ilifika salama. Nilimkaribisha don Segundo wa maabarani miwili, akala minne. Je, Maite hajaanguka tena? Niandikie tarehe kamili, maana mama kwenye simu husema hajambo hata paa likiwaka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitaanza kujitetea.

Unakumbuka Krismasi jinsi Maite alivyonibana jikoni. Madaktari walishawaambia kwamba kifafa chake kinatokana na hitilafu katika aina moja ya milango ya potasiamu, vitundu vinavyoitoa potasiamu nje ya seli ya ubongo ili seli itulie. Nikamweleza kuwa milango hiyohiyo ndiyo kazi yangu. Nikamchorea seli mfano wa kiazi kilichoota: machipukizi mengi juu, mzizi mmoja mrefu chini. Aliutazama mchoro, kisha akaniuliza, "Shangazi, sasa milango yangu iko wapi hapo?"

Miaka minne naishughulikia milango ile, najua inafunguka vipi na inafungwa vipi, na mtoto wa miaka tisa ananiuliza anwani yake nabaki kutoa macho. Nilimwahidi nitaitafuta.

Basi nikaitafuta. Don Segundo, fundi wetu wa siku nyingi, hukata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tunavimwagia kingamwili yenye rangi, iliyotengenezwa ishike mlango huo tu, na chini ya hadubini penye mlango panang'aa kijani. Sharti kila safari tuweke pia kipande cha panya ambaye ubongo wake hauna mlango huo kabisa. Don Segundo hukiita mjane, kwa kuwa kinatakiwa kivae nyeusi tupu.

Mwezi wa Machi niliona machipukizi yote yaking'aa. Nilikupigia hapohapo, na Maite akachora alama kwenye machipukizi ya kiazi chake, kwa wino. Wewe ukaichapisha picha yangu ukaibandika juu ya jiko, na padri akaitaja kanisani. Profesa Undurraga, mkuu wangu, akaiweka kwenye hotuba aliyotarajia kuitoa mjini Concepción.

Juni, don Segundo alifungua kisanduku cha Machi akamkosa mjane. Alikata mwingine, akampaka kingamwili ileile, akaniita nitazame. "Binti," akaniambia, "mjane kavaa kijani." Kisha akaongeza kwamba kazi yake ni kukata, kusema ni kazi yangu.

Maana yake, kaka, kingamwili ile ilikuwa inashika kitu kingine kabisa. Picha iliyo juu ya jiko lako si ya milango ya Maite. Sijui ni ya nini.

Siku tatu nilimkwepa Profesa. Siku moja kabla hajasafiri nilimkuta akila mkate na parachichi, nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Aliuweka mkate chini, akaifuta picha kwenye hotuba mbele ya macho yangu, kisha akauliza vilevile alivyouliza Maite, kwa sauti ya kutaka kujua kweli, kwamba sasa hiyo milango iko wapi. Hasira zilikuja baadaye, na vyombo vya maabara nimeviosha kwa adhabu.

Tuliomba kingamwili nyingine kwa wenzetu wa Montevideo. Nimerudia mara tisa, na kila mara nimemtazama mjane kwanza: mweusi. Halafu kwenye kipande cha pili, cha panya mwenye milango, pale mzizi unapoachana na kiazi, kuna mstari mfupi wa kijani. Shingoni, kaka! Ndipo seli inapoamua ipige kelele au inyamaze, na milango ya kuituliza imepangwa papo hapo. Nilicheka peke yangu mpaka don Segundo akaja kuuliza kulikoni.

Lakini sijakwambia yote. Yule mjane wa Machi hakusahauliwa. Don Segundo alikuwa ameshanikatia na kuniwekea, na mimi nilimtoa kisandukuni kwa mkono wangu. Niliogopa atang'aa. Nilikuwa nataka mno kumpigia Maite simu. Profesa anajua, na sasa wewe unajua. Naona aibu, na ninaomba unisamehe.

Picha ya jikoni itoe. Dawa za mtoto zisibadilishwe, kwani haya hayajamponya mtu. Mweleze Maite kwamba shangazi yake alimpa jibu kabla hajalipata, na usinipunguzie kosa.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili. Mpe ya mjane kwanza, aikague mpaka aridhike kwamba ni nyeusi. Ndipo umpe ya pili, na kiazi chake, na penseli. Usimwonyeshe pa kuweka alama.

Wabusu wote kwa niaba yangu, na mama apakwe ile dawa ya goti hata akikataa.

Mdogo wako akupendaye,
Eliana