Jogoo Niliyemng'arisha

Jumanne

Ndimu na majivu nilitafuta mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Mzee Salum wa vyuma chakavu alimtoa kwenye kontena la mitumba kutoka Marekani: jogoo wa shaba, wa kukaa juu ya paa na kuonyesha upepo. "Wewe umesoma, mwanangu. Mtafutie mnunuzi huko kwao, nami nipate kuezeka." Nikampata, mkusanyaji wa vitu vya kale. Kisha nikamsugua jogoo kwa ndimu na majivu hadi akang'aa kama masinia ya bibi, nikamtumia mnunuzi picha.

Leo mnunuzi amejibu. Alichotaka ni ule ukijani wa shaba ya miaka mingi, ambao mimi niliusugua wote ukatoka. Hamtaki tena.

Nilimwambia Mzee kwamba mnunuzi ameghairi tu.

"Basi hana macho. Na ulivyompendezesha!"

Amemtundika mlangoni. Kila mteja akija, Mzee anamwambia ni mimi niliyemsafisha.