Sabuni ya Kijiji Kilichofungwa

Mjukuu wangu Rahma,

Nnakusalimu kutoka Mabela. Sote wazima, alhamdulillahi. Ami yako Khalfan amepona korona na keshaanza kulalamikia mchuzi wa mkewe.

Umeniuliza uwaombeeje msaada Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko unakosoma. Vijiji vyao vimefungwa kwa maradhi, na watu wanakupa nguo kuukuu tu.

Nilipokuwa msichana Unguja, kipindupindu kiliingia kijiji cha jirani, na kijiji kikafungwa. Mimi na rafiki yangu Zuwena tulizunguka mjini tukisema, "Wahurumieni maskini wale!" Tukapewa magunia ya nguo chakavu. Tulipoyafikisha kwenye kizuizi, mama mmoja alituita kwa mbali: "Ahsanteni wanangu, lakini nguo tunazo. Tunataka sabuni, na makaa ya kuchemshia maji."

Tulirudi tukasema maneno yake yale yale. Wallahi, mji mzima uliamka! Hata Bwana Seif mwenye duka, aliyetufukuza mwanzo, alifungua ghala. "Chukueni sabuni yote," akasema. "Mbona hamkusema mapema?"

Maradhi yakaisha. Siku kijiji kilipofunguliwa, wanawake walitupokea kwa vigelegele, na yule mama akanikumbatia. "Nyinyi mlitusikia," akaniambia. Sijapata kusifiwa vile tena maishani.

Basi wapigie simu Wapueblo wenyewe, mwanangu, wakwambie wanachotaka. Wanawake wa mtaa wetu nimeshawapanga, na simu zao ziko mkononi, tayari kuchangisha. Tunangoja neno la Wapueblo tu.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura