Neema na Malkia Mnyang'anyi wa Majina

Jumatatu, 3 Machi 1997
Shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Miguu imevimba. Nilipitia sokoni Walthamstow, spinachi na samaki. Binti yangu Neema alinidaka mlangoni kabla sijavua koti. Amechaguliwa kuwa msichana mkuu katika mchezo wa kuigiza wa shule. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Hadithi inatoka kwenye kitabu cha watoto cha zamani, miaka mia na zaidi. Msichana anashuka ndani ya kisima kikavu, anafika nchi ambako wanyama husema na malkia huwanyang'anya watu majina. Neema ana miaka kumi. Sijamwona na furaha hivi tangu tuhame Nairobi tuje huku ughaibuni. Baba yake aliendelea kula.

Jumatano, 5 Machi
Baba Neema amemuuliza mzee wa kanisa. Mzee kasema huo ni uchawi, na mtoto akiuigiza anaufungulia mlango. Kwa hiyo hapana. Neema hakugusa chakula. Nina hasira. Sikusema kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeazima kitabu maktaba. Nakisoma kwenye basi, polepole, Kiingereza chake kigumu. Nilitegemea mazimwi. Hakuna. Malkia hana nguvu yoyote ya ajabu. Kumbe watu humpa majina yao kwa hiari ili wakae karibu na moto wake. Wakishampa, wanasahau walikotoka. Nungunungu, mlinzi wa lango, anajua yote na ananyamaza kwa woga. Simpendi. Nafanana naye. Msichana peke yake ndiye anayeuliza kwa nini, na wote wanamwona hana adabu.
Jioni nikamwambia Baba Neema hakuna uchawi humo.
"Umekisoma?"
"Nakisoma. Na wewe soma."
"Leo unanifundisha mimi?"
Kumbe mchana alishapiga simu shuleni kumtoa Neema mchezoni.

Jumapili, 9 Machi
Ibada. Mzee akamwita Neema mbele aombewe. Kwa jina, watu wote wakisikia. Neema hakuinuka. Akaitwa tena. Akauliza kwa Kiswahili chenye lafudhi yake ya hapa, "Nimefanya nini?"
"Mnaona?" mzee akasema. "Roho ya kiburi hiyo."
Baba Neema akasimama. Nilidhani atampiga mtoto. Akainama, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamshika mkono, wakatoka. Nikawafuata.

Jumatatu, 10 Machi
Baba Neema alikwenda shuleni mwenyewe kabla ya kazi. Alichelewa. Nafasi ameshapewa msichana mwingine, na mwalimu hawezi kumpokonya. Ni haki. Iliyobaki ni ya bundi. Bundi, tena. Baba Neema hakulalamika.
Neema alilia bafuni, amefungulia maji tusimsikie. Tulimsikia. Baba yake akakaa sakafuni nje ya mlango.
"Nimekosa, mama," alimwambia. "Nilisikiliza watu, wewe sikukusikiliza."
Hakuondoka pale. Sijui kama nimemsamehe.

Alhamisi, 20 Machi
Mchezo umefanyika leo. Yule msichana mwingine alikuwa mzuri, lazima niseme. Neema alikuwa na maneno machache, akayasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. Baba yake alikuja na sare ya kazini. Alikuwa amekisoma kitabu. Nilimwona akiitikia kwa kichwa kabla mambo hayajatokea jukwaani.
Kanisani hatujarudi. Tutasali wapi sasa, hatujazungumza.
Tulirudi kwa miguu, mvua ya rasharasha. Neema hakutaka kunawa rangi ya bundi usoni. Tumemwacha alale nayo.