Jina la Mageni kwenye kompyuta ya Nelly

Mama Ndaki, umesema kompyuta ya Ndaki inafutwa leo? Mwambie asitoke ofisini!

Yalimkuta binti yangu Nelly kule Kahama, mwaka tisini na nane. Kompyuta ilifutwa yote, fundi akaanza kurudisha programu za ofisi kwa diski, moja moja, kila moja ikiuliza jina la mwenye kuitumia. Nelly akaenda kula, akamwachia Mageni asimamie. Mageni mwenzake wa ofisini, ambaye Nelly mwenyewe alimfundisha kuchapa!

Anarudi, anafungua programu. Pameandikwa, mwenye kuitumia: Mageni. Mageni!!

"We Mageni, mbona umeandika jina lako?"

"Bosi kasema tusiandike la mtu anayeondoka."

"Nani anaondoka?"

Mageni anapanga diski.

Anazipanga tu, Mama Ndaki! Na Nelly kasimama pale, kashika wali aliomnunulia Mageni.